Siku Tatu Bila Milima

Korongo lilikuwa limekata barabara. Hamdani alizima injini ya Landrova, akashuka, akasimama ukingoni akitazama maji mekundu yakipita kwa kishindo mahali ambapo juzi tu palikuwa na mchanga mkavu. Huku tambarare hata tone halikuwa limeanguka. Mvua ilinyesha juu, Upare, na sasa milima ilikuwa ikiyatema yote kwa pamoja: maji, mawe, magogo, hata mgomba mzima uliopita ukizunguka na mkungu wake.

"Hapa hatuvuki leo," alisema aliporudi. "Wala kesho."

Ilikuwa Alhamisi, Novemba ya mwaka 1985. Walikuwa wametoka Same alfajiri kwenda Kisiwani, watu watatu katika gari la kanisa ambalo mkanda wake wa feni ulikuwa umeunganishwa kwa kamba ya katani, kwa kuwa mkanda halisi haukupatikana Same wala Moshi. Hamdani, dereva, alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyeletwa huku na kazi za mkonge, akaishia kuendesha gari la Walutheri kwa miaka sita bila ugomvi na mtu. Kando yake alikaa Anaeli, mwinjilisti wa miaka sitini na miwili, mwenye sauti iliyozoea kuhubiri bila kipaza sauti. Nyuma, juu ya gunia la mahindi, alikaa Rahabu.

Rahabu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa miaka arobaini na mmoja. Akina mama wa usharika wa Kisiwani walikuwa wamemwomba aje awafundishe kwa siku tatu, na somo wakalichagua wenyewe: furaha ya Bwana kuwa nguvu ya mtu aliye taabuni. Katika mwaka ule wa kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, somo hilo lilieleweka. Jambo ambalo akina mama hawakulijua ni kwamba mwalimu wao hakuwa na hiyo furaha. Mumewe Hezroni alikufa miaka miwili nyuma kwa homa ambayo zahanati ilikuwa na karatasi za kuiandikia dawa lakini haina dawa yenyewe. Tangu siku hiyo Rahabu aliimba kwaya, aliomba, alifundisha, na ndani yake palikuwa kimya kama darasa siku ya likizo.

"Kuna njia ya zamani," Hamdani alisema. "Ya malori ya ngozi. Inashuka tambarare na kulivuka korongo hili kule chini, ambako maji yanatawanyika na kufia mchangani. Tukiiweka milima mkono wa kulia, hatupotei."

Anaeli alitazama saa. "Twende. Watu wanasubiri."

Wakaiacha barabara, wakaingia porini.

Kwa saa nzima milima ilikaa mkono wa kulia kama ilivyoahidiwa. Kisha mawingu yakashuka. Yalifunika kwanza vilele, yakafuata mabega, mwishowe yakateremka mpaka chini kabisa na kukutana na vumbi lililokuwa likipanda. Rahabu aligeuza kichwa kumfukuza nzi, na aliporudisha macho kulia hapakuwa na kitu. Kijivu kulia, kijivu kushoto. Miiba ya migunga mbele, miiba nyuma.

"Bado tunaenda sawa?" aliuliza.

"Sawa," Hamdani alijibu, akapunguza mwendo.

Gari liliangukia shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Gurudumu la mbele la kushoto lilizama hadi kwenye ekseli, gari likainama na kugonga chini kwa nguvu, na feni ikang'oka ikaingia ndani ya rejeta. Sanduku la spana lililokuwa miguuni mwa Anaeli liliruka na kuubana mguu wake wa kulia dhidi ya mlango. Rahabu alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia sauti ya mzee.

Hamdani alikuwa mwepesi. Kabla ya kumshughulikia mtu yeyote alivuta karai chini ya gari na kukinga maji ya rejeta yaliyokuwa yakimwagika, mekundu kwa kutu. Ndipo akaja kumsaidia Rahabu kumtoa mzee. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, lakini ngozi haikupasuka. Walikata vijiti viwili vya mgunga, wakavitoa miiba, wakaufunga mguu kwa vipande vya kanga. Anaeli aliuma kola ya koti lake hadi walipomaliza.

"Maji tunayo kiasi gani?" Rahabu aliuliza.

"Dumu nusu. Na hili karai."

"Chakula?"

"Makande yako tu. Mahindi ya gunia yanataka maji ya kuchemshia."

Walikaa kivulini mwa gari. Walikubaliana wasubiri, huenda askari wa wanyama wangepita. Upepo ulivuma mchana kutwa ukifagia ardhi ngumu, na hakuna aliyepita.

Ijumaa kulipopambazuka, Hamdani alijaza maji kwenye chupa ya soda na kuondoka. Alisema angefuata alama za magurudumu yao wenyewe mpaka barabarani, aite watu, arudi kabla ya jioni. Rahabu alimtazama akipotea katikati ya vichaka, akakaa na kumpepea mzee.

Anaeli alikuwa na homa. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya mambo ya kawaida, kahawa, paa la kanisa, kisha akamtazama Rahabu kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Rahabu, mwanangu. Nina hofu."

Rahabu aliacha kupepea. Huyu ndiye aliyesimama juu ya kaburi la Hezroni akaliambia kaburi lisijivune. Miaka miwili Rahabu alikuwa akijisemea kwamba kama imani imemkimbia yeye, basi ipo kwa Anaeli, imehifadhiwa huko, siku moja ataenda kuiazima.

"Unaogopa kufa, baba?"

"Sijui naogopa nini. Naomba, na ni kama naomba ndani ya gunia." Alifumba macho. "Usiwaambie watu."

"Hata mimi," Rahabu alisema. Ilimtoka kabla hajaipima. "Tangu Hezroni. Nimekuja kufundisha kitu nisichokuwa nacho."

Mzee hakufumbua macho. Alimtafuta mkono, akaushika, na wakakaa hivyo, wote wawili kama watu waliovuliwa nguo zao za Jumapili. Lilikuwa jambo la ajabu kwamba Rahabu hakujisikia vibaya zaidi. Alijaribu kuelewa kwa nini, akashindwa.

Jua lilikuwa utosini Hamdani aliporudi. Alikuja peke yake, akitokea upande mwingine kabisa wa gari, na alipoliona alisimama akaliangalia kama mtu aliyemkuta mwizi nyumbani kwake.

"Hili ni gari letu?" aliuliza.

"La nani tena?" Rahabu alisema.

"Nimefuata alama za magurudumu. Sikuziacha hata mara moja." Aliketi chini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Kumbe si zetu. Ni za gari jingine, za siku nyingi. Zinazunguka tu. Nimetembea tangu asubuhi kwenda hapa hapa."

Alipoinuka kuswali alikwama tena. Alilitafuta jua, na jua la Novemba lilikuwa doa jeupe nyuma ya wingu, juu kabisa, lisilotupa kivuli upande wowote.

"Kaskazini ni wapi? Kibla iko huko."

Rahabu alionyesha kwa kidole. Wakati huohuo Anaeli, akiwa amelala, alionyesha upande mwingine. Hamdani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mwishowe alielekea ilikoelekea boneti ya gari.

"Yeye anajua tulipo," alisema, akainua mikono.

Jioni ile maji ya dumu yalikwisha. Walianza yale ya karai, yenye ladha ya msumari.

Jumamosi asubuhi kijivu kilipungua kidogo upande mmoja, na wakaona kilima. Kilikuwa cheusi, kimefunikwa kichwa na wingu, na Hamdani alisema ndio mguu wa milima yenyewe, Kisiwani ipo chini yake, saa tatu kwa miguu. Rahabu alikuwa na mashaka. Alikumbuka mguu wa milima ukiwa mrefu, wenye mashamba na mapaa ya mabati. Lakini alikumbuka pia kwamba jana alikuwa na uhakika wa kaskazini.

"Tukikaa hapa mzee anakufa," Hamdani alisema.

"Na tukienda siko?"

"Tutakuwa tumekwenda."

Waling'oa kiti cha nyuma, wakakifunga miti miwili kwa kamba za katani, wakamlaza Anaeli juu yake. Rahabu alivaa katambuga, viatu vyake vya matairi, akajifunga kanga iliyobaki kiunoni, akashika mbele. Karai walilifunga chini ya kiti. Maji yaliyobaki yaliingia kwenye chupa ile moja ya soda.

Walitembea hatua mia, wakatua. Hatua themanini, wakatua. Miiba iliwachana mikono wasiweze kuikinga, maana mikono ilikuwa na kazi. Nzi walikaa pembezoni mwa macho yao wakinywa kilichokuwepo. Kila walipotua, Rahabu alilowesha kona ya kanga na kuipitisha midomoni mwa mzee, naye alinyonya kama mtoto mchanga. Safari moja alimwita Rahabu kwa jina la marehemu mkewe na kumuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

"Wamekamuliwa," Rahabu alijibu.

Kilima hakikusogea. Kisha ghafla kikawa karibu mno, na walipoinua vichwa waliona ukweli wake wote. Kilisimama peke yake. Kulia kwake kulikuwa na nyika, kushoto nyika, na nyuma yake, walipoweza kuchungulia, nyika ileile ikiendelea hadi kwenye kijivu. Hakikuwa mguu wa milima yoyote. Walikuwa wamembeba mtu mwenye mguu uliovunjika asubuhi nzima kuelekea kusikokuwa na kitu.

Hamdani alitua upande wake wa machela, akakaa, akaficha uso magotini.

Chini ya kilima kulikuwa na korongo la mchanga mweupe, kavu. Rahabu alichukua karai akateremka. Alikuwa ameona wafugaji wakichimba maji kwenye mchanga wa namna hiyo, kwenye kona ya nje ambako mto hugeuka. Alipiga magoti, akaanza kukwangua kwa ukingo wa karai. Mchanga wa juu uliunguza. Wa chini ulikuwa vuguvugu. Alipofika urefu wa mkono hadi kiwikoni, ulianza kuwa baridi na wa rangi ya udongo, ukashikamana viganjani. Alichimba kwa haraka, akatupa karai pembeni, akatumia vidole, kucha mbili zikang'oka bila yeye kujua.

Vidole viligonga jiwe. Alipapasa huku, jiwe. Akapapasa kule, jiwe, kubwa, laini, limelala chini ya shimo zima kama sakafu.

Aliinama juu yake, na hapo akajua kuwa amefika mwisho. Hakuwa na nguvu ya kulia. Hakuwa na neno la kuomba. Alitafuta ndani yake mahali ambapo hata hasira ingetoka, napo hapakuwa na kitu.

Ndipo akacheka.

Kilianza tumboni, kidogo, kama kwikwi. Alidhani anatapika. Kisha kikapanda na kumtoka kinywani, kicheko kikubwa, cha wazi, ambacho hakukitoa hata siku ya harusi yake. Alikuwa amepiga magoti porini, hana maji, hajui kaskazini, mzee wake anakufa, dereva wake amekata tamaa, na kifua chake kilikuwa kimejaa furaha hadi kikauma. Hakukuwa na sababu. Aliitafuta sababu huku akicheka, akaona aibu, akajaribu kujiziba mdomo kwa mikono yenye mchanga, na kicheko kikapenya katikati ya vidole.

Hamdani alikuja mbio. "Dada Rahabu. Dada, nitazame. Unaniona?"

"Nakuona."

"Ni jua. Njoo kivulini."

"Si jua, kaka. Sijui ni nini." Alijifuta machozi. "Nipe karai."

Alisimama. Magoti ambayo dakika moja kabla hayakuweza kumwinua yalimwinua. Alitembea hatua kumi na tano chini ya kona, akapiga magoti, akaanza shimo la pili. Hamdani alimwangalia, kisha naye akaingia, wakachimba pamoja. Kicheko kilikuwa bado kinamrudia, kinakatika, kinarudi tena, kikigonga mawe ya kilima na kurudi korongoni. Kule juu, Anaeli alikuwa amekisikia. Alianzisha wimbo wa Kichasu, lugha ya Wapare, kwa sauti iliyochanika, akasahau maneno katikati, akaanza tena mwanzo.

Shimo la pili halikuwa na jiwe. Halikuwa na maji pia, lakini mchanga wake ulikuwa umelowa kweli. Rahabu aliufunga kwenye kanga, yeye na Hamdani wakaikamua kila mmoja upande wake, na matone saba ya tope yakaanguka kwenye kizibo cha chupa. Walimpelekea mzee. Wakarudi, wakakamua tena.

Walikuwa katika kizibo cha nne walipomwona mwanamke amesimama ukingoni. Alikuwa amevaa shuka jekundu, shanga shingoni, na alikuwa ameshika fimbo tayari kupiga. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakichungulia.

Mwanamke aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja mmoja. Polepole akaishusha fimbo.

"Fisi yuko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha Kimaasai.

"Fisi gani, mama?" Hamdani aliuliza.

"Nimesikia fisi anacheka. Nikasema, huyu fisi ni mgonjwa, anacheka mchana. Atakula mbuzi yangu. Nimekuja kumpiga."

Rahabu alijaribu kusema kwamba fisi ni yeye. Kicheko kilimrudia kabla hajamaliza.

Jina la mwanamke lilikuwa Naisenya. Kisima cha mifugo yao kilikuwa nyuma ya kona iliyofuata, mwendo wa kuchemsha chai tu. Alisema asingepita huku leo, malisho ya huku yalikwisha tangu wiki iliyopita. Aliwanywesha kidogo kidogo kwa kibuyu, akiwanyang'anya kila walipotaka kugugumia. Kisha alimwita mumewe Saruni kwa mlio mrefu, akaja na punda, na kabla ya giza walikuwa bomani, wamelala juu ya ngozi, matumbo yao yamejaa maziwa.

Jumapili asubuhi Rahabu alitoka nje ya boma na kuiona milima.

Mawingu yalikuwa yamenyanyuka yote. Milima ya Upare ilisimama toka mwisho hadi mwisho, ya buluu, imeoshwa, na mapaa ya mabati yaking'aa kwenye mikunjo yake. Ilikuwa nyuma. Ilikuwa upande ule ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuunyoshea kidole. Aligeuka, akatazama kilima cha jana, akageuka tena. Akili yake ilikataa kwa muda mrefu, ilibidi aizungushe dunia nzima kichwani ndipo milima ikubali kukaa pale ilipo.

"Mlikuwa mnakwenda Kenya," Saruni alisema.

Alimfunga Anaeli juu ya punda, yeye mwenyewe akatangulia. Walifika Kisiwani saa saba mchana.

Akina mama walikuwepo. Walikuwa wameteremka kutoka vijiji vya juu siku ya Alhamisi, na makorongo yaleyale yaliwafungia njia ya kurudi, kwa hiyo walibaki kanisani siku zote hizo wakipika kwa zamu na kuomba kwa ajili ya gari ambalo halikufika. Walimpokea mzee, wakamwita mganga wa zahanati aukaze mguu hadi maji yatakapopungua apelekwe hospitali. Hamdani walimpa uji, akalala akiwa ameshika kikombe.

Anaeli alimwita Rahabu pembeni ya kitanda. Homa ilikuwa imeshuka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayekumbuka nusu ya jambo.

"Kule gari lilipokwama nilisema nini?"

"Ulisema unaogopa."

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Waambie," alisema hatimaye. "Waambie na hilo."

Alasiri Rahabu alisimama mbele ya akina mama hamsini, vidole vyake vikiwa vimefungwa vitambaa. Hakufundisha somo. Alieleza yaliyotokea, moja baada ya jingine, kama alivyoyaona: ukimya wake wa miaka miwili, hofu ya mzee, kibla ya boneti, jiwe, kicheko. Alipofika kwa Naisenya na fimbo yake, kanisa zima liliangua kicheko, na alilazimika kungoja.

Mama mmoja mzee, Stumai, aliyekuja kusikiliza tu maana alikuwa jirani Mwislamu aliyewasaidia kupika, aliuliza kutoka mlangoni, "Sasa mwalimu, pale kwenye jiwe ulikuwa unacheka nini?"

Rahabu alifikiri. Alitamani kuwa na jibu zuri, hata alilifungulia mdomo, akaliacha lipite.

"Sijui, mama. Nimeuliza njia nzima. Najua tu kwamba mimi nilikuwa nimekwisha. Nilijipekua, sikukuta kitu. Basi kile kilichocheka, na kilichoninyanyua nikachimba shimo la pili, hakikutoka kwangu."

Nje, maji ya korongo yalikuwa bado yanavuma, lakini chini kidogo kuliko walipofika.

"Na kama kisingekuja?" Stumai aliuliza.

"Ningekufa pale, mama, na bado kingekuwepo," Rahabu alisema. Alishangaa kusikia kwamba analiamini hilo. Alikaa kwenye benchi la mbele, na akina mama wakasogea wakampisha katikati yao.